Ng'ombe Aliyekuja Kukomboa Rehani

Mzizi wa kwanza wa rehani niliuona asubuhi, ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, nikapiga kelele hadi shangazi akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi.

"Yuko wapi?" aliuliza, macho chini, anatafuta nyoka.

"Shangazi, umeota! Njoo uone, umeota!"

Nikamwinulia chupa usoni. Chini ya kijiti cha rehani nilichokichomeka humo, pale kwenye kifundo majani yalipokuwa, palitoka uzi mweupe, mwembamba kuliko wa kushonea. Shangazi aliutazama, akanitazama mimi, akauliza kama uji wake umemwagika bure kwa ajili ya unywele. Akarudi jikoni. Mimi sikuondoka hapo. Nilikaa na chupa yangu mapajani mpaka jua likanipiga kichwani, moyo unanidunda kama nimeona treni kwa mara ya kwanza. Kijiti kilichokatwa, kisicho na mbegu, kisicho na udongo, kinatoa mizizi ndani ya maji matupu! Baba yangu alikuwa mkulima na babu yangu mkulima, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba jambo kama hilo lipo.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Mimi ni mtoto wa Goweko, huko kwenye mtama na karanga. Nililetwa Tabora mjini nikae na shangazi, mdogo wake baba, mjane aliyekuwa akipika vitumbua vya kuuza pale Ng'ambo. Nilikuwa nimekwisha kuchumbiwa. Mchumba wangu alikuwa kijana wa karakana ya reli, mrefu, mikono yake siku zote ina grisi kwenye kucha. Nilimpenda, sitasema uongo. Harusi ilipangwa iwe kabla ya mvua za kwanza.

Sasa, ukuta kwa ukuta na sisi alikaa bibi mmoja wa Kiswahili hasa. Wazee wake walitoka pwani na misafara ya zamani, wakabaki Tabora. Bibi huyu ndiye aliyekuwa akitengeneza vikuba vya maharusi. Kikuba ni majani ya rehani na maua ya asumini, yanafungwa pamoja kwa uzi, mwanamke anakichomeka kifuani. Akipita, hata aliyelala anageuza shingo. Mimi nilipoisikia harufu yake mara ya kwanza, nilisema moyoni: siku yangu nitatoka na hiki kifuani, au sitoki.

Rehani yake bibi ilikuwa moja tu, kichaka kikubwa ndani ya chungu kilichopasuka. Alisema mbegu zake alizileta bibi yake kutoka pwani kwa miguu, zimefungwa kwenye pindo la nguo, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Majani aliwapa watu. Mche hakumpa mtu.

"Nikikupa mche utauacha utoe maua," aliniambia. "Ukitoa maua umekwisha. Nyinyi watoto wa shamba mkiona ua mnafurahi."

"Sitauacha, bibi."

"Wote walisema hivyohivyo."

Siku moja baada ya harusi ya jirani alitupa kikuba kilichonyauka, akaniona nakiokota. Akacheka mpaka jino lake la dhahabu likaonekana. "Kachukue, mtoto wa Goweko. Ukikiotesha hicho, ni chako. Na mimi nitakufunga kikuba cha harusi kwa mikono yangu, bure."

Basi. Ndipo nilipoanza ukichaa wangu.

Mara ya kwanza niliingiza kijiti majini kizimakizima, na maua yake na majani yake. Majani yaliyozama yalioza, maji yakanuka kama samaki aliyesahauliwa. Bahati nzuri kikuba kilikuwa na vijiti zaidi ya kimoja. Cha pili nilikata maua, nikachuma majani ya chini, nikakata shina kwa wembe chini kidogo ya kifundo, nikabadilisha maji kila asubuhi. Usiku nilikiweka karibu na mafiga yenye majivu ya moto, maana kipupwe cha Tabora kinauma, na rehani haipendi baridi. Hicho ndicho kilichoota.

Nilikipeleka kwa bibi. Alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akageuza chupa huku na huku. Kisha akaniambia, "Kaa chini." Nikajua nimepita mtihani.

Ndiye aliyenifundisha mengine yote. Udongo uwe nusu mchanga, uchanganywe na mavi ya mbuzi ya zamani, si mabichi, mabichi yanaunguza. Kopo litobolewe chini kwa msumari. Halafu lile lililonitoa machozi: mche wangu ulipofika urefu wa kiganja, umesimama mzuri, alichukua mkasi akaukata kichwa.

"Bibi!"

"Nyamaza. Ukiuonea huruma utarefuka kama mlingoti wa bendera, utoe ua, ufe. Mkate kichwa, atoe mabega. Na kichwa chenyewe kirudishe kwenye chupa."

Haki ya Mungu, nilikaribia kuruka! Kumbe ukikata unapata viwili! Mabega yakatoka, mawili kila upande, na kichwa kikatoa mizizi kikawa mche mwingine, nao nikaukata kichwa. Mchumba wangu akawa analeta makopo matupu kutoka karakana, mengine ya maziwa, mengine ya rangi yaliyochomwa moto. Akija jioni hakuniuliza habari za mchana. Aliuliza, "Wameota wangapi?" Nyuma ya nyumba kukajaa kijani, safu juu ya safu, kwenye matofali, kwenye kinu kibovu. Shangazi akawa anapita kiubavu kwenda chooni, ananitukana taratibu.

Katikati ya furaha hiyo baba akaniita nyumbani. Ilikuwa desturi, binti arudi kwa wazazi afundwe kabla ya harusi. Aliyeleta ujumbe ni mzee wa kijiji chetu aliyekuwa akileta asali sokoni. Mimi nikamtazama, nikayatazama makopo yangu. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali. Nikiondoka, nani atayamwagia maji? Shangazi? Angeyamwagia maji ya vyombo.

Nikamjibu mzee wa asali kwa haraka, ndoo mkononi: "Mwambie baba anisamehe. Nimebanwa na rehani hapa kwa shangazi, siwezi kutoka. Nitakuja zikikomaa."

Mzee akanitazama kwa huruma kubwa. Nilidhani amechoka na safari.

Sasa ujue kitu kimoja. Kwetu Goweko jani linaloitwa rehani halikujulikana. Tulikuwa na kivumbasi cha porini, cha kufukuzia mbu. Neno rehani tulilijua, lakini ni lile jingine: unapoacha kitu chako kwa mtu, akishikilie, mpaka uje ukikomboe.

Zilipita siku, sikuwaza. Asubuhi moja niko nyuma namwagia maji, nasikia kwato uani. Nikazunguka. Baba yangu amesimama pale, mavumbi mpaka kwenye nyusi, fimbo mkononi, na nyuma yake ng'ombe wetu mwekundu, yule mama wa zizi, aliyekuwa akipewa jina na kusemeshwa kama mtu. Hakupanda treni, maana ng'ombe hapandi treni ya watu. Alikuja kwa miguu, Goweko mpaka Igalula, Igalula mpaka mjini, kwa ile njia ya zamani ya misafara.

"Shikamoo, baba!"

Hakuitikia. Alinishika mkono, akaugeuza, akatazama kifundo kama kina alama ya kamba. Kisha akamgeukia shangazi.

"Nani anamshikilia mtoto wangu?"

"Kaka, karibu kwanza. Hata maji hujanywa."

"Maji ya nyumba hii sinywi. Nimeuliza. Huyo mtu aje, achukue ng'ombe, aniachie mtoto. Tunarudi leo. Na harusi hakuna."

Harusi hakuna. Katika maneno yote hayo niliyasikia hayo mawili tu.

"Kaka, umekunywa pombe?"

"Wewe! Nilikupa mtoto umlee, ukamtoa!"

Kelele zile zikamkuta mchumba wangu akiwa langoni. Alikuwa na desturi ya kupita kabla ya king'ora cha karakana. Akaingia na nguo zake za kazi, akamwona mkwe wake, akainama kwa adabu zote.

"Shikamoo, baba."

"Wewe ndiye uliyemweka rehani?"

Mchumba wangu, maskini, alisikia neno moja tu analolijua, uso ukamng'aa. "Aa, rehani! Ziko nyuma, baba. Nyingi! Makopo niliyaleta mimi mwenyewe."

"Nyingi!" Baba alirudi nyuma hatua. "Kumbe na wengine! Umeweka na dada zako?"

"Dada zangu wanataka, baba, ila tumewaambia wangoje hizi zikomae."

Ee Mungu wangu. Fimbo ya baba ilikwisha kupanda juu ndipo nilipoelewa. Nikajitupa katikati. "Baba, ni jani! Rehani ni jani!"

"Jani gani linambana mtu asije kwao?"

Na bibi jirani, kichwa chake kimetokeza juu ya ukuta, ushungi umemteleza kwa kucheka, akasema, "Baba wee, shusha fimbo. Nenda nyuma ukamtazame huyo aliyemfunga mwanao."

Tukazunguka nyumba wote. Na huko nyuma, katika hekaheka ile ambayo hakuna aliyeshika kamba, alikuwa ametutangulia mgeni mwingine. Ametembea njia nzima kiangazi hicho hajaona jani bichi. Matofali yameanguka, makopo yamelala, na mdomo wake unakwenda kushoto kulia, kushoto kulia, povu la kijani linadondoka.

Ng'ombe wa kunikomboa alikuwa anaila rehani.

Sikulia. Nilitaka kulia, lakini shangazi alikuwa amekaa chini mavumbini anacheka, anapiga ardhi kwa kiganja, anashindwa kupumua. Baba akamvuta ng'ombe. Akaokota jani chini, akalifikicha, akanusa.

"Hiki ni kivumbasi."

"Si kivumbasi!" bibi akafoka kutoka ukutani. Hilo hakulichekea.

Baba akanusa tena, akafumba macho. "Basi ni kivumbasi kilichokwenda shule."

Shangazi akaanza upya. Lakini baba hakucheka. Alikaa juu ya kile kinu kibovu, akaweka fimbo chini, na nikaona mavumbi ya mashavuni mwake yanachorwa mistari. Sijawahi kumwona baba yangu akilia kabla ya hapo. Akatuambia jambo ambalo hata shangazi hakulijua, maana alikuwa hajazaliwa.

Walikuwa na dada yao mkubwa. Njaa ikaingia. Babu yangu akampeleka yule binti kwa mtu mwenye mtama, akae kwake kama rehani mpaka mavuno. Mavuno yakaja. Babu akabeba mtama wake kwenda kumkomboa, baba yangu, bado mtoto, anamfuata nyuma. Wakakuta nyumba tupu. Msafara wa watumwa ulikuwa umepita kwenda pwani.

"Mzee wa asali aliponiambia," baba akasema, "sikulala. Nikachukua ng'ombe. Safari hii sikutaka kuchelewa."

Hata bibi kwenye ukuta alivuta ushungi wake vizuri.

Baada ya hapo ungedhani yamekwisha. Hayakwisha. Baba yangu alikuwa mtu mgumu, na mimi nimemrithi, muulize yeyote. Alikunywa maji, akala vitumbua, kisha akasema: "Nimesema harusi hakuna, na nimesema mbele ya watu. Huyu kijana simjui. Anayejibu bila kuelewa alichoulizwa, nitampaje mtoto?"

Nilitazama upande wa mchumba wangu, nikakuta hayupo aliposimama. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anaokota vijiti vilivyobaki, vifupi, vilivyotafunwa, vingine vina alama ya meno. Anavipanga kwenye kofia yake. King'ora cha karakana kilikwisha kulia na yeye hakuinua kichwa.

Baba alimtazama muda mrefu.

"Unafanya nini?"

"Hivi vinaota, baba."

"Mimi ni mkulima. Kitu kilichotafunwa na ng'ombe hakioti."

"Vinaota, baba," nikasema na mimi. "Naapa."

"Haya." Akagonga fimbo chini. "Vioteshe. Vikiota, harusi ipo. Visipoota, unarudi nyumbani na mimi, na ng'ombe wangu anarudi."

Mchana ule niliiba kila kitu chenye mdomo katika nyumba ya shangazi. Bilauri, chupa za mafuta ya taa nilizosugua kwa majivu, kibuyu kilichokatika shingo. Nilikata kila kijiti upya chini ya kifundo, maana penye meno pangeoza; kimoja tu, kifupi mno, nikakiacha na alama zake za meno. Bibi jirani akashuka ukutani kwake, akaja kupitia mlangoni kama mgeni, na mkasi wake. Kwenye ule wa kwake mkubwa tungeweza kuchuma majani ya kikuba, lakini alinikonyeza: ahadi ni ahadi, na mzee wako anataka hivi viote. Visiki vilivyobaki kwenye makopo alivisawazisha, akavifunika kwa magunia jua lisivichome.

Baba akahamia kwenye chupa zile. Ndiyo, alihamia! Kila alfajiri kabla ya mtu kuamka alikuwa amechuchumaa mbele ya chupa, kama mtu anayengoja mtego. Mchumba wangu alikuja jioni na maji safi ya bomba la reli, anabadilisha chupa moja moja, na baba anamhoji. Kwa nini unachuma majani ya chini? Kwa nini kwenye kifundo? Mbona maji si mengi? Kijana anajibu taratibu, mara nyingine anasema, "Hilo sijui, baba, muulize binti yako." Nilikuwa nasikiliza kutoka jikoni, vidole nimeviuma.

Vingine vikaoza. Nilipovitupa nilivificha kwenye upindo wa khanga baba asione. Alikuwa anaona.

Halafu asubuhi moja ukelele ukapasua nyumba. Shangazi akatoka mbio na mwiko.

"Yuko wapi? Yuko wapi?"

"Huu hapa!" Baba yangu, mzee mzima mwenye mvi, ameinua chupa ya mafuta ya taa juu ya kichwa chake kama kikombe cha mpira. "Umetoa ndevu! Njooni muone, umetoa ndevu! Na ni ule wenye meno!"

Nilikimbia nikamkumbatia, jambo ambalo binti hakumfanyia baba yake siku zile, na maji ya chupa yakatumwagikia wote wawili. "Usinimwagie rehani yangu, wewe!" akanifokea. Yangu, amesema! Nikajua nimeolewa.

Harusi ikafanyika. Kanisani niliingia na kikuba kifuani, kile bibi alichokifunga kwa mikono yake, rehani kutoka visiki vyangu vilivyotoa mabega, asumini kutoka kwake. Padri alipiga chafya mara kadhaa, na mpaka leo nasema ni harufu. Wanawake wa Goweko waliokuja na treni walikuwa wananinusa kwa zamu.

Siku ya baba kuondoka alimwacha ng'ombe. Alisema ng'ombe aliyetolewa kwa ajili ya mtoto harudishwi zizini, ananiachia ninywe maziwa. Kisha akaenda nyuma, akachagua kopo moja, lile la ule wenye meno, akaja nalo kwa mume wangu.

"Kijana. Wewe unachukua mtoto wangu. Mimi nachukua hili. Hii ndiyo rehani. Nitaishikilia Goweko. Siku nikisikia mtoto wangu analia kwako, nitakuletea kopo lako kwa miguu, na nitaondoka naye."

"Ndiyo, baba," mume wangu akasema. Safari hii alielewa alichoulizwa.

Baba alipanda treni amelipakata kopo, na watu wa behewani wakamwachia nafasi dirishani.

Rehani haiishi miaka mingi. Baba alijua. Kwa hiyo kila ilipotaka kuzeeka alikata kichwa, akakiweka majini, akakirudisha katika kopo lilelile, maana alisema rehani ikifia mkononi mwa aliyeishika ni aibu yake. Mzee wa asali alikuwa akiniletea tawi kila alipokuja sokoni, analichomeka kofiani, ananiambia, "Baba yako anasema bado ameishikilia." Baba alipofariki, kaka yangu akaendelea kukata. Sasa anakata mtoto wa kaka.

Mume wangu naye alikuwa na tabia moja. Tukigombana, na tuligombana kama watu wote, alitoka nje, akasimama langoni, akatazama njia ya Goweko kulia na kushoto. Kisha anarudi ndani ananiambia, "Sijaona mtu." Nami nacheka, ugomvi unakufa.

Nimemzika mume wangu nikiwa ndani ya nyumba yake, na wajukuu wamejaa uani. Kopo lile halijarudi.